Farasi ndani ya simu: Tumepanda mzabibu au tumechimba kisima njiani?

  

Ndugu msomaji, sisi walimu tunapoandika gazetini mara nyingi huandika kuhusu makosa ya watu wengine. Wiki hii naomba niandike kuhusu kosa langu mwenyewe, kwa sababu nina hakika siko peke yangu katika kosa hilo.

Mwaka jana, usiku wa kuamkia Ijumaa, nilikuwa natayarisha darsa ya vijana wa msikitini kwetu hapa Dar es Salaam. Mada ilikuwa michezo katika Uislamu. Nikiwa napekua simu nikakutana na klipu fupi ya mbio za farasi zilizofanyika Riyadh, Saudi Arabia, mwaka 2020. Taa zimewaka uwanja mzima, mchanga unaruka, farasi wamebanana bega kwa bega na mtangazaji sauti inampanda. Nikafurahi. Nikaituma kwenye grupu la WhatsApp la vijana wetu na kuandika chini yake kuwa hii ni katika sunna tulizozisahau. Vijana wakajibu kwa takbira na alama za dole gumba. Nami nikalala.

Miezi miwili baadaye mama mmoja alinisubiri nje ya msikiti baada ya Isha. Ni mama anayeuza vitafunwa asubuhi, na ndiye kijumbe wa mchezo wa akina mama wa mtaani kwake, yaani yeye ndiye anayekusanya na kutunza fedha za upatu. Fedha hizo huingia kwenye simu yake. Namba ya siri anaijua mwanawe wa kidato cha nne, kwa kuwa ndiye anayemsaidia kupokea na kutuma. Shilingi 180,000 hazikuwepo. Kijana alikuwa amezimalizia kwenye kubeti, na hakubeti mpira kama tulivyozoea kusikia, alibeti farasi.

"Ustadh," akaniambia yule mama, bila hasira yoyote, "mwanangu anasema mbio hizo kazijulia kwako."

Nikamjibu, "Mama yangu, mimi nilituma mbio tu. Sikumwambia abeti."

Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Na yeye anasema alianza kwa kuangalia mbio tu."

Maneno hayo nimekaa nayo mpaka leo. Nilipomwita kijana akanieleza ilivyokuwa. Klipu ile ilikuwa na jina la ukurasa ulioitoa. Akaufuata ule ukurasa. Akakuta farasi wazuri, majina yao, nasaba zao, video zao wakiogeshwa na wakifanya mazoezi alfajiri. Na chini ya kila picha palikuwa na kiungo cha kampuni ya kubeti, na ahadi kwamba dau la kwanza ni la bure. Akabonyeza. Baada ya dau la bure likaja la shilingi mia tano, na baada ya farasi wa kweli wakaja farasi wa kompyuta, ambao mbio zao hazina msimu wala jioni. Zinakwisha hizi zinaanza nyingine.

Basi swali ninalotaka tulitafakari pamoja ni hili: Je, anayeangalia tu, na anayesambaza tu, ana fungu lolote katika yale yanayotokea baadaye? Na kama analo, fungu hilo linaanzia wapi?

Farasi ana heshima kwetu

Tuanze kwa kuweka jambo moja sawa, kwa sababu wapo watakaosema njia nyepesi ni kuharamisha mbio za farasi moja kwa moja. Jambo hilo hatuna mamlaka nalo. Imepokewa na Bukhari na Muslim kutoka kwa Abdullah bin Umar (r.a.) kwamba Mtume (s.a.w.) alishindanisha farasi. Wale waliokwisha kunyooshwa kwa mazoezi walikimbia kutoka Hafyaa hadi Thaniyyatul Wadaa, masafa ya maili tano au sita, na wale ambao hawajanyooshwa walikimbia masafa mafupi kutoka Thaniyya hadi msikiti wa Bani Zurayq. Ibn Umar mwenyewe alikuwa miongoni mwa walioshindana. Hebu angalia uadilifu uliomo humo: hata farasi hakushindanishwa na asiye wa kiwango chake, wala hakukimbizwa masafa asiyoyaweza.

Aidha, katika Hadithi sahihi Mtume (s.a.w.) ametufahamisha kuwa kheri imefungamana na nywele za paji la uso wa farasi mpaka Siku ya Kiyama. Akatufundisha pia kuwa farasi ni wa aina tatu kwa mwenye kumfuga: kwa mmoja ni thawabu, kwa mwingine ni sitara, na kwa wa tatu ni mzigo wa dhambi. Mnyama ni yule yule, mwenye miguu minne ile ile. Kilichobadilika ni kile anachokitafuta mwenye kumshika hatamu. Na katika Musnad ya Imamu Ahmad, kutoka kwa Ibn Mas'ud (r.a.), yamekuja mafunzo yaliyo wazi zaidi: yupo farasi wa Mwingi wa Rehma, yupo farasi wa mwanadamu, na yupo farasi wa shetani, na huyo wa shetani ni yule anayechezewa kamari.

Kwa hiyo wanazuoni hawakubishana juu ya uhalali wa mbio zenyewe. Walichokichambua kwa makini ni fedha: inatoka kwa nani na inakwenda kwa nani. Zawadi inayotolewa na kiongozi au mtu wa pembeni asiyeshindana wameiruhusu. Dau linalowekwa na watazamaji, huyu akipata kwa sababu yule amekosa, hilo ni kamari, nayo imekatazwa pamoja na ulevi katika Suratul Maida aya ya 90. Aya inayofuata inatoa na sababu: shetani anataka kututia uadui na chuki, na kutuzuia na kumkumbuka Mwenyezi Mungu na kuswali.

Mbio zilivyotoka uwanjani

Zamani mpenzi wa mbio za farasi ilimbidi aende uwanjani, au asubiri gazeti, au akae na redio. Leo uwanja wenyewe unamfuata mfukoni. Viwanja vikubwa vina kurasa zao, wakufunzi wa farasi wana zao, wapanda farasi wana zao, na wapo hata farasi waliostaafu ambao watu hufungua simu asubuhi kuangalia wameamkaje. Farasi jike wa Australia aitwaye Winx, aliyeshinda mbio 33 mfululizo hadi alipostaafu mwaka 2019, alikuwa na wapenzi katika nchi ambazo kwato zake hazikuwahi kuzikanyaga. Marekani, mwaka 2020, farasi aitwaye Authentic alishinda mbio za Kentucky Derby akiwa na wamiliki zaidi ya 5,000 waliokuwa wamenunua vipande vidogo vya umiliki kupitia mtandao. Wengi wao hawakuwahi kumgusa. Walimwona kwenye simu, na waliposhinda walilia kama wenye farasi wao.

Yapo na ya kutufurahisha sisi Waislamu. Tarehe 1 Agosti 2019, katika uwanja wa Goodwood, Uingereza, binti Muislamu wa miaka 18 kutoka mtaa wa Peckham, London, aitwaye Khadijah Mellah, alishinda mbio za hisani za Magnolia Cup akiwa amevaa hijabu. Alijifunzia kupanda farasi katika klabu ya vijana ya Brixton, mtaa ambao watu wa fani hiyo hawakuutegemea. Miezi michache kabla ya siku hiyo alikuwa hajawahi kukaa juu ya farasi wa mashindano. Picha yake ilizunguka dunia nzima siku hiyo hiyo. Ni mabinti wangapi walioiona wakajiambia kuwa hijabu haimfungii mtu mlango? Hiyo nayo ni kazi ya simu, na si haki kuificha.

Lakini simu haichagui. Waya ule ule uliotuletea Khadijah ndio uliomletea kijana wetu kiungo cha kubeti. Chukua mfano wa mashindano ya Dubai World Cup, yaliyoanzishwa mwaka 1996. Mashindano hayo yamejulikana miaka yote kwa zawadi kubwa na kwa uwanja usio na dirisha la kuwekea dau. Muislamu aliyekaa jukwaani pale ameketi mahali pasipo na dirisha hilo. Lakini picha ya mbio hizo hizo ikipaa hewani, inatua Uingereza na Hong Kong ambako watu wanaziwekea fedha kwa mamilioni. Kwa maneno mengine, picha inatoka kwenye jukwaa la halali na kuingia kwenye duka la kamari bila hata farasi mmoja kubadilisha mwendo. Aliyeipokea Temeke au Mombasa haipokei kutoka jukwaani. Anaipokea kutoka dukani.

Ukimwondoa farasi kinabaki nini?

Ndugu msomaji, ukitaka kujua mtu anapenda nini hasa, mwondolee kitu kimoja kimoja uone ataondoka lini.

Mbio mashuhuri za Grand National za Uingereza za mwezi Aprili 2020 zilifutwa kwa sababu ya korona. Badala yake televisheni ikaonyesha mbio za kompyuta. Farasi walichorwa, na mashine ikaamua nani ashinde. Akashinda farasi aitwaye Potters Corner, ambaye kweli alikuwepo duniani lakini siku ile alikuwa amepumzika bandani kwake. Watu zaidi ya milioni nne walikaa kuzitazama. Na waliziwekea dau. Tuwatendee haki: kampuni za kubeti zilitoa faida ya siku hiyo, pauni milioni 2.6, kwa mfuko wa kuwasaidia watumishi wa afya. Lakini tukio lile lilituonyesha jambo moja. Farasi aliondolewa kabisa, na bado dau lilisimama pale pale.

Farasi wa kompyuta aliyemla kijana wetu ndiye huyo huyo, bila hisani. Hana mapafu ya kuhema, hana mguu wa kuvunjika, hana mtu aliyeamka alfajiri kumsugua. Uzuri wote ambao Mwenyezi Mungu ameuweka katika mnyama yule haumo. Kimebaki kitu kimoja tu, nacho ni matarajio ya kupata bila jasho. Kama kuna mtu bado anaambiwa kuwa kubeti ni sehemu ya kupenda michezo, na amwangalie farasi huyo asiyekuwepo. Mapenzi ya mchezo hayawezi kuendelea wakati mchezo umeondoka.

Kipimo kingine kipo kwenye maneno ya watu. Wapanda farasi wa Uingereza na kwingineko wamelalamika mara nyingi kuwa wakishindwa hutumiwa matusi mazito kwenye simu zao na watu waliopoteza fedha. Je, huyo anayetukana ni mpenzi wa farasi? Alipopita ngamia wa Mtume (s.a.w.) aitwaye Adhbaa akashindwa na ngamia wa bedui, masahaba waliona uzito, na Mtume (s.a.w.) akawafundisha kuwa ni haki kwa Mwenyezi Mungu kwamba hakuna kitu cha dunia kinachonyanyuka ila Naye hukishusha. Mwenye kupenda mbio hujifunza unyenyekevu kwa kushindwa. Mwenye kupenda dau akishindwa hutafuta wa kumlaumu. Qur'an ilipotaja uadui na chuki ilikuwa inataja kitu tunachokisoma leo chini ya picha za farasi.

Mzabibu na kisima

Nilipokuwa chuo kikuu tulisomeshwa mlango wa usul al-fiqh unaoitwa sadd al-dharai, yaani kuziba njia zinazopelekea kwenye haramu. Imamu al-Qarafi, mwanachuoni wa Kimaliki wa Misri aliyefariki mwaka 684 Hijria (1285), amezigawa njia hizo mafungu matatu. Lipo fungu ambalo wanazuoni wote wamekubaliana lizibwe, mfano wake ni kuchimba visima katika njia wanayopita Waislamu. Lipo ambalo wamekubaliana lisizibwe, mfano wake ni kupanda mizabibu: haikatazwi ati kwa sababu huenda mtu akaitengenezea pombe. Na lipo fungu la katikati walilokhitalifiana.

Wakati ule niliyaandika kwenye daftari, nikafaulu mtihani, nikasahau. Yule mama ndiye aliyenirudisha kwenye daftari. Nilipotuma ile klipu, nilikuwa nimepanda mzabibu au nimechimba kisima njiani?

Tofauti ya viwili hivi, kwa ninavyofahamu, ni umbali. Kati ya mzabibu na pombe kuna mavuno, kuna kukamua, kuna kuchachua, kuna siku nyingi, na kuna mtu aliyekusudia na kuhangaika. Aliyepanda yuko mbali sana na kosa la huyo. Lakini mtu kutumbukia kisimani usiku hahitaji kukusudia. Anahitaji kutembea tu kama anavyotembea siku zote.

Sasa tuipime klipu ya farasi. Miaka thelathini iliyopita, aliyeonyesha mbio kwenye televisheni alikuwa amepanda mzabibu. Mtazamaji aliyetaka kuweka dau ilimpasa atoke nyumbani, apande gari, asimame dirishani, aonekane na watu, labda akutane na shemeji yake au imamu wake. Haya ilikuwa na nafasi ya kufanya kazi. Leo safari yote hiyo imekuwa upana wa kidole. Kijana amelala kitandani, taa imezimwa, hakuna anayemwona ila Yule asiyefichikiwa na kitu. Kitendo cha mtumaji ni kile kile, nia yake ni ile ile, lakini uzito wake umebadilika kwa kuwa umbali umeondolewa. Mzabibu umegeuka kisima, nasi bado tunatembea nao kama mzabibu.

Najua jibu litakalotolewa, kwa sababu hata mimi nilijipa jibu hilo: amali zinategemea nia, na nia yangu ilikuwa njema. Ni kweli. Lakini tuangalie vizuri. Mtu anaweza kuchimba kisima kwa nia ya kuwapa watu maji, nia tukufu kabisa, kisha akakiacha wazi katikati ya njia bila ruhusa ya yeyote. Akitumbukia mpita njia, mafakihi hawamwachii kwa kuwa alikusudia maji. Wanamtia kwenye dhamana. Nia njema inaweza kumwokoa mtu na dhambi ya kukusudia, lakini haimwondolei wajibu wa kufunika.

Kinyume chake, hatusemi kuwa kijana hana lake. Ni baleghe, ana akili, na fedha aliyoichukua ilikuwa amana ya akina mama kumi na mbili. Qur'an imetufundisha kuwa hakuna mbebaji atakayebeba mzigo wa mwingine, na imetufundisha pia, katika Suratun Nahl aya ya 25, kuwa wenye kupoteza wengine watabeba na sehemu ya mizigo ya wale wanaowapoteza pasipo elimu. Zinaposomwa pamoja tunapata mizani: yeye atabeba wake mzima, na kila aliyesaidia kuifungua ile njia atakuwa na wake. Mzigo wa mmoja haupunguzwi na mzigo wa mwingine.

Jicho nalo litaulizwa

Atakuwepo msomaji atakayesema: mimi simtumii mtu kitu, natazama tu. Huyu naye namkumbusha Suratul Israa aya ya 36, kwamba masikio, macho na moyo, vyote hivyo vitaulizwa. Zamani mtazamaji wa mbali hakuongeza wala kupunguza kitu uwanjani. Siku hizi kutazama kwenyewe kunahesabiwa. Ukurasa unaotazamwa sana ndio unaouza nafasi ya matangazo kwa bei kubwa, na wanunuzi wakubwa wa nafasi hizo katika michezo ni kampuni za kubeti. Ukitazama mara moja, simu inakuletea nyingine kumi zinazofanana nayo, na inampelekea na jirani yako kwa kuwa umeonekana kupenda. Jicho lako limekuwa mkono unaosukuma. Usipolijua hilo una udhuru. Ukishalijua, udhuru umekwisha.

Na lipo jambo jingine ambalo jicho la haraka halioni. Nilipoanza kuifuatilia ile klipu yangu niligundua kuwa zilikuwa mbio za kwanza za Saudi Cup, za tarehe 29 Februari 2020, zenye zawadi ya jumla ya dola milioni 20. Aliyefika wa kwanza ni farasi aitwaye Maximum Security. Siku chache baadaye, Machi 2020, mkufunzi wake, Jason Servis, alishitakiwa Marekani kwa kuwapa farasi dawa zisizoruhusiwa, na farasi huyo alitajwa katika mashitaka yale. Mwaka 2022 alikiri kosa, na mwaka 2023 akahukumiwa kifungo cha miaka minne. Mwaka 2024 wasimamizi wa Saudi Arabia wakamvua Maximum Security ushindi na kumpa Midnight Bisou aliyefika wa pili. Yaani mimi, mwalimu wa dini, niliwatumia vijana ushindi uliokwisha kufutwa kwa sababu ya dawa, nikauita sunna. Amri ya kuhakikisha habari iko katika Suratul Hujurat aya ya 6, nami ndiye ninayeifundisha kila mwaka.

Simu kama shahidi

Je, tuzime simu? Yupo sheikh mmoja ninayemheshimu aliyenishauri hivyo. Nilimwambia kwa adabu kuwa sioni kama itatosha, na wala sioni kama ni haki, kwa sababu simu hiyo hiyo imekuwa shahidi wa wanyama wasio na ulimi.

Mwishoni mwa Februari 2021 ilisambaa mitandaoni picha ya mkufunzi maarufu wa Ireland, Gordon Elliott, akiwa amemkalia farasi aliyekufa huku anaongea na simu. Picha ilikuwa ya mwaka 2019, na pengine bila mitandao isingetoka nje ya lile banda. Elliott aliomba radhi na akafungiwa mwaka mmoja, nusu yake ikiwa adhabu iliyosimamishwa. Huko California, kati ya Desemba 2018 na Juni 2019, farasi 30 walikufa katika uwanja wa Santa Anita. Habari na picha zikawafikia watu ambao hawajawahi kukanyaga uwanja, wakauliza maswali, na mwishoni mwa mwaka 2020 Marekani ikapitisha sheria ya taifa zima kuhusu usalama wa farasi na dawa. Sisi umma ambao Mtume wake (s.a.w.) amesimulia kuhusu mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka na mtu aliyesamehewa kwa kumnywesha mbwa maji, tunapaswa kuwa wa kwanza kuyaona hayo. Mpenzi wa kweli wa farasi huuliza baada ya mbio: farasi amerudi salama? Mpenzi wa dau hauulizi.

Na sisi watu wa Pwani tunao mfano wa karibu. Lamu, wakati wa Maulidi, vijana hushindana kwa punda kando ya bahari, bila matandiko, na mji mzima hutoka kushangilia. Rafiki yangu wa huko hunitumia video kila zinapofanyika. Anayekimbia anajulikana ni mtoto wa nani, na punda anajulikana ni wa nani, na kesho yake atabeba mizigo ya watu. Ninapoziangalia najiona nimeunganishwa na watu na mnyama, wala hakuna anayeniomba fedha. Hicho ndicho kiunganishi ninachokitetea.

Tufanye nini?

Kwanza, kabla ya kusambaza, tuangalie klipu imetoka wapi na inampeleka mtu wapi. Kama ina kiungo cha kubeti au jina la ukurasa unaoishi kwa kubeti, hicho ni kisima kilicho wazi. Tusikipeleke kwenye njia wanayopita watoto.

Pili, tujiulize swali la yule farasi wa kompyuta: fedha ikiondolewa, bado ningetazama? Ikiwa ndiyo, alhamdulillah. Ikiwa hapana, basi tujue tunachokitazama si farasi.

Tatu, tuchunge wakati. Katika Surat Swad imetajwa habari ya Nabii Suleiman (a.s.) alipoonyeshwa farasi wazuri jioni. Wafasiri wengi wameeleza kuwa walimshughulisha mpaka jua likazama, naye akarejea kwa Mola wake. Kama Nabii aliyepewa ufalme aliona hatari katika farasi walio wake, sisi tunaotazama farasi wa watu hadi muadhini anamaliza tuna la kujibu.

Nne, tuliokosea tufanye kafara. Imepokewa na Bukhari kwamba aliyemwambia mwenzake njoo tucheze kamari, basi na atoe sadaka. Angalieni, hapo hajacheza, ametamka tu mwaliko! Mimi sikutamka, lakini kidole changu kiliwafikisha watu mlangoni. Nilitoa sadaka, na nusu ya ile shilingi 180,000 nililipa mimi kwa awamu. Nusu ya pili analipa kijana. Anaamka saa kumi usiku kumsaidia mama yake kukanda unga, kisha anaswali Alfajiri msikitini. Na kwenye grupu niliandika kwa uwazi kuwa nilikosea na nilikosea wapi.

Darsa iliyofuata kijana yule aliniuliza mbele ya wenzake, "Ustadh, sasa farasi tuangalie au tusiangalie?" Sikumjibu kwa neno moja. Nilimwambia asome Suratul Adiyat, sura ambayo sote tuliihifadhi madrasa tukiwa wadogo. Akaisoma vizuri. Nikawaambia vijana watazame inavyoanza na inavyokwisha. Inaanza kwa kiapo cha farasi wanaohema kwa mbio, kwato zikitoa cheche, na vumbi likitimka asubuhi. Kisha inahamia kwa mwanadamu, asiyemshukuru Mola wake na mwenye mapenzi makali ya mali. Na inakwisha makaburini, siku yatakapotolewa yaliyomo vifuani. Farasi anampa bwana wake pumzi zake zote. Mwanadamu anaangalia mbio hizo hizo na kuwaza fedha.

Kijana akainamisha kichwa. Baadaye akaniuliza kama ana ruhusa ya kuitafuta ile video ya Khadijah niliyowasimulia. Nikamwambia aitafute, na kabla hajaituma kwenye grupu aniletee kwanza tuangalie pamoja chini yake pameandikwa nini.

Mwenyezi Mungu atusamehe tuliyoyasambaza kwa kutojua, na atujaalie macho yanayoona na mikono inayofunika visima. Wallahu a'alam.